Mhadhiri Mwandamizi na Msomaji Aliyepotea

Katika dibaji ya How Europe Underdeveloped Africa, kitabu kilichotoka mwaka 1972, Walter Rodney aliwashukuru vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Karim Hirji na Henry Mapolu, kwa kuusoma mswada wake na kuukosoa kwa nia ya kuujenga. Kisha akaikataa desturi ya waandishi kutangaza kwamba makosa yote yaliyosalia ni yao peke yao. Kwake yeye, dhamana ya kazi kama ile, hasa dhamana ya kurekebisha upungufu wake, ilikuwa ya wote. Maneno hayo hupitiwa haraka kama shukrani nyingine zozote, lakini naona yamebeba nadharia nzima ya uandishi wa kitaaluma. Nataka kuitetea nadharia hiyo kwa ajili ya watu wanaoihitaji kuliko wote: wahadhiri na wahadhiri waandamizi waliohitimu uzamivu miaka mingi iliyopita, na ambao uprofesa bado hawajaufikia.

Watu hawa wakikaa miaka bila kuchapisha, maelezo huwa mawili: ni wavivu, au hawana muda. La kwanza halistahili kujibiwa. La pili lina ukweli mwingi. Mhadhiri wa ngazi hii ndiye anayefundisha madarasa makubwa, anayesahihisha lundo la mitihani, anayesimamia tasnifu, anayekabidhiwa idara na kuketi kwenye kamati ambazo vijana hawajaingizwa na wakubwa wamezichoka. Juu ya hayo kuna ushauri elekezi. Mwaka 2011, pale Makerere, Mahmood Mamdani alionya kwamba utamaduni wa ushauri elekezi unamgeuza mtafiti kuwa mtu wa kujibu maswali ya mteja badala ya kuunda maswali yake mwenyewe. Namuunga mkono, ila naongeza jambo moja. Ripoti ya mteja huandikwa usiku wa manane, katikati ya mzigo uleule tunaosema hauachi nafasi ya kuandika. Fedha ni sababu, bila shaka, lakini pia kuna mtu anayeisubiri Ijumaa. Makala inasubiriwa na nani?

Mwanafunzi wa uzamivu ana msimamizi ambaye, hata akichelewa, analazimika kusoma. Profesa mwenye jina huombwa sura za vitabu, na wahariri humkumbusha. Aliye katikati hana wa kumsomea. Msomaji wake wa kwanza ni mpitiaji asiyemjua, anayejitokeza baada ya miezi kadhaa, na ambaye kazi yake ya kwanza ni kuamua kama andiko lipite au lisipite. Mtu akirudishiwa kazi mara mbili tatu kwa namna hiyo, huifungia kwenye kompyuta. Wengine huyaendea majarida ya kilaghai. Siamini kwamba ni kwa kutojua: majarida hayo hujibu ndani ya siku chache, na kwa mtu aliyekaa kimya kirefu bila kujibiwa, hata jibu la uongo lina ladha ya kusomwa.

Robert Boice, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafuatilia wahadhiri katika miaka ya 1980 akiwa amewagawa makundi matatu. Walioendelea na mazoea yao waliandika wastani wa kurasa 17 kwa mwaka. Walioandika kila siku na kuweka kumbukumbu walifikia 64. Walioandika kila siku, wakaweka kumbukumbu na pia kutoa hesabu kwa mtu mwingine kila wiki, walifikia 157. Makundi yalikuwa madogo, na mazingira yao si yetu. Sitaki kuzifanya namba hizo msahafu. Hata hivyo pengo kati ya 64 na 157 linanishughulisha, kwa sababu nidhamu ya kila siku ilikuwa ileile. Kilichoongezeka ni kuulizwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba dawa ni kambi ya uandishi. Rowena Murray wa Scotland ameieneza kambi yenye utaratibu: watu huketi chumba kimoja, huandika kwa vipindi vilivyopangwa, husemezana malengo yao, huandika tena. Inafaa, hasa kwa anayetaka kumaliza kazi iliyokwishakomaa. Lakini kambi hutoa muda zaidi kuliko inavyotoa msomaji, na kwa mama mwenye watoto wadogo siku tatu za hotelini Bagamoyo mara nyingi ni ndoto.

Ninachokipendekeza kinafanana zaidi na upatu. Watu wanne au watano, kila baada ya wiki mbili, rasimu moja mezani, zamu kwa zamu. Anayepokea fedha za upatu haombi msaada; anapokea haki yake kwa sababu juzi alimchangia mwenzake na kesho atamchangia mwingine. Ndivyo rasimu mbichi inavyoweza kuwekwa mbele za watu bila aibu. Na aibu si jambo dogo. Mhadhiri mwandamizi anayetambuliwa na wanafunzi wake kuwa bingwa haonyeshi kirahisi aya zisizoshikana, tena kwa mtu atakayeketi kesho kwenye kamati ya kumpandisha cheo. Kwa hiyo wanakikundi watoke idara tofauti, ikiwezekana vyuo tofauti. Mtaalamu wa udongo hatajua kama uhakiki wa riwaya umemsoma vizuri Kezilahabi, lakini atajua ni ukurasa gani alipotea njia, na hilo ndilo wenzetu wa fani moja wasiloliona, maana wao hujaza mapengo kwa wanachokijua tayari.

Kuna faida nyingine ambayo maandiko ya Ulaya na Marekani hayawezi kutufundisha. Makala zetu nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mjadala wake uwe kwa Kiswahili. Swali "unataka kusema nini hasa?" likiulizwa kwa lugha ambayo mtu aliitumia kubishana tangu utotoni, jibu huja likiwa limevuliwa istilahi za kujikinga, na mara nyingi jibu hilo ndilo hoja isiyokuwamo kwenye rasimu. Mwenzake mmoja aliandike hapohapo, kwa Kiswahili, kabla halijapotea.

Uongozi wa chuo una jambo moja la kufanya: uhesabu saa za kikundi katika mzigo wa kazi wa mhadhiri na kuacha asubuhi moja ya wiki bila vipindi. Usidai ripoti ya mahudhurio wala orodha ya machapisho yaliyotokana na kikundi. Siku kikundi kitakapokuwa kipengele cha tathmini, watu wataleta rasimu zilizokwishakamilika, na hakutakuwa na cha kusoma.

Wala tusingoje wazee watusomee. Hirji na Mapolu hawakuwa maprofesa. Walikuwa miongoni mwa wahariri wa Cheche, jarida la wanafunzi lililopigwa marufuku mwaka 1970, na walikuwa wamejifunza kukosoa kwa kukosoana wao kwa wao. Rodney alikuwa na uzamivu wake tangu 1966, na akawapa mswada.