B.B. King: Usiku 342 Barabarani

Mwaka 1956 B.B. King alipiga shoo usiku 342. Piga hesabu mwenyewe: zilibaki siku 24 tu. Ndoa zake mbili zilivunjika, na safari zilichangia. Aliyedumu naye ni Lucille, gitaa lake.

Jina hilo lilitoka Twist, Arkansas, mwaka 1949. Wanaume wawili walipigana ukumbini, wakaangusha pipa la mafuta ya taa yaliyokuwa yakiwaka, moto ukashika jengo. King alikuwa ameshatoka nje, lakini akarudi ndani kuokoa gitaa. Baadaye akaambiwa waligombania mwanamke aitwaye Lucille.

Ila muziki wenyewe hakuuokota barabarani. Alitoka nao utotoni, Mississippi, kwenye mashamba ya pamba. Kanisani alimtazama mchungaji akipiga gitaa. Nyumbani kwa bibi yake mmoja alisikiliza santuri za Blind Lemon Jefferson na Lonnie Johnson. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto.

Mwenyewe alikiri kwamba hawezi kuimba na kupiga gitaa kwa wakati mmoja. Basi aliimba, akanyamaza, Lucille akajibu, kama waumini wanavyomwitikia mchungaji. Kwa mtu aliyelala mji mpya karibu kila usiku, kanisa la utotoni ndiyo nyumba pekee aliyoweza kusafiri nayo.