Nyumba, Buu na Jina: Historia ya Ushahidi katika Kueleza Spishi Mpya za Trikoptera wa Nchi za Joto

Utangulizi

Trikoptera ni oda ya wadudu ambao maisha yao yamegawanyika kati ya maji na hewa. Buu huishi mtoni, ziwani au katika kijito. Mabuu wa makundi mengi hutoa hariri mdomoni na kuitumia kuunganisha mchanga, vijiti au vipande vya majani hadi wapate nyumba ya kubeba. Baada ya hatua ya pupa hutoka mdudu mwenye mabawa, anayefanana na nondo mdogo. Jina la oda limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mabawa ya vinyweleo. Hadi sasa spishi zaidi ya 16,000 zimekwisha kuelezwa.

Kueleza spishi mpya si sawa na kuiona kwa mara ya kwanza. Ni kuandika sifa zinazoitofautisha na jamaa zake, kuipa jina lenye sehemu mbili, na kuweka katika hifadhi sampuli ambayo jina hilo litaiegemea daima. Makala hii inajadili swali moja katika historia ya kazi hiyo: ni ushahidi upi uliokubalika kubeba jina? Hoja yake ni kwamba kuhama kutoka nyumba ya buu kwenda mwili wa dume kuliimarisha uainishaji, lakini pia kulitenganisha majina na mito yenyewe. Athari za utengano huo zinaonekana leo katika ukaguzi wa maji.

Nyumba kama ushahidi

Hatari ya kutegemea nyumba ilijitokeza mapema. Mwaka 1834 Isaac Lea wa Marekani alieleza kitu kidogo cha mchanga kilichojiviringa kutoka jimbo la Tennessee, akakiita Valvata arenifera. Aliamini kuwa ni konokono anayegandisha mchanga kwenye gamba lake. Baadaye ilithibitika kuwa ni nyumba ya buu wa Trikoptera wa jenasi Helicopsyche. Jengo lilikuwa limechukuliwa kuwa mwili wa mjenzi.

Hata hivyo, nyumba hiyo hiyo ilifungua njia kwa Fritz Müller, Mjerumani aliyehamia kusini mwa Brazili mwaka 1852 na kuishi Blumenau, katika misitu ya Santa Catarina. Müller, aliyekwisha kuandika kitabu cha kumtetea Darwin mwaka 1864, hakuwa na makumbusho makubwa karibu naye. Alikuwa na vijito. Alichapisha kwa Kireno, katika jarida la Makumbusho ya Taifa ya Rio de Janeiro, makala kuhusu nyumba zinazojengwa na mabuu wa Trikoptera wa jimbo hilo. Alieleza pia wanaoishi katika maji yanayotuama kwenye majani ya mimea ya jamii ya nanasi. Majina ya jenasi aliyoyatoa, kama vile Marilia na Phylloicus, yanatumika mpaka leo.

Maelezo ya Müller yalianzia mahali mdudu anapoishi: anakula nini, anajenga kwa nini, anakaa katika maji ya namna gani. Uhusiano wake na makumbusho ulivunjika mwaka 1891, alipotakiwa kuhamia Rio naye akakataa kuondoka Blumenau. Tukio hilo linadhihirisha mvutano uliokuwa ukikua: je, ujuzi wa mdudu huyu ungekaa kandokando ya kijito au katika kabati la mji mkuu?

Dume katika makumbusho

Wakati huohuo, njia nyingine ilikuwa ikipata nguvu Ulaya. Kati ya mwaka 1874 na 1880 Robert McLachlan wa London alichapisha kazi kubwa kuhusu Trikoptera wa Ulaya, iliyoonesha thamani ya viungo vya uzazi vya dume katika kutenganisha spishi. Sababu yake ni ya msingi. Rangi ya mabawa hufifia na vinyweleo hupukutika, lakini umbo la sehemu hizo ngumu hubaki. Aidha, wadudu kamili huvutwa na taa usiku, hivyo msafiri aliweza kukusanya wengi bila kuingia majini, kisha akawapeleka kwa mtaalamu aliyeko mbali.

Ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu kubwa ya nchi za joto. Georg Ulmer, mwalimu wa shule huko Hamburg, alieleza spishi nyingi kutoka mabara ambayo sampuli zake zilimfikia mezani. Lakini Ulmer huyohuyo anaonesha kwamba utengano haukuwa wa lazima. Msafara wa Wajerumani wa mwaka 1928 hadi 1929 huko Java, Sumatra na Bali ulikusanya pia mabuu na pupa, naye akawashughulikia katika machapisho yaliyotoka kuanzia mwaka 1951 hadi 1957. Katika Afrika ya Kati, Mbelgiji Georges Marlier, aliyetafiti mito ya mashariki mwa Kongo, alieleza mwaka 1955 jenasi Limnoecetis ya Ziwa Tanganyika, na mwaka 1962 akatoa mapitio ya jenasi za Afrika.

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama nazo zilichukua upande. Jina lililotolewa kwa kuegemea kazi ya mnyama aliye hai, kama vile nyumba au kiota, linaweza kukubalika ikiwa lilichapishwa kabla ya mwaka 1931. Baada ya hapo, nyumba pekee haitoshi. Kanuni haimkatazi mtu kueleza buu, lakini katika Trikoptera desturi ya wataalamu ilikwisha kumfanya dume kuwa kipimo.

Athari kwa mito

Anayekagua mto hakutani na dume chini ya taa. Hukutana na buu chini ya jiwe. Mfumo wa Tanzania wa kupima afya ya mito, TARISS, uliotokana na ule wa Afrika Kusini uitwao SASS, hutoa alama kwa kutambua wadudu hasa katika ngazi ya familia. Katika toleo la tano la SASS, familia ya Hydropsychidae hupata alama 4 ikionekana aina moja, 6 zikiwa mbili, na 12 zikizidi mbili. Mkaguzi huhesabu aina bila kuhitaji majina yake.

Utaratibu huu una manufaa, kwa kuwa ni wa haraka na wa gharama nafuu. Udhaifu wake ni kwamba spishi isiyostahimili uchafu inaweza kutoweka na nafasi yake kuchukuliwa na jamaa yake mstahimilivu, huku alama zikibaki zilezile. Hasara ya namna hiyo haiwezi kuandikwa, kwa sababu kilichopotea hakikuwa na jina lililounganishwa na buu wake.

Hitimisho

Njia za kuunganisha zipo. Tangu mwaka 2003, ulinganishaji wa kipande kimoja cha vinasaba umewezesha kumtambua buu kwa kumlinganisha na dume. Njia ya zamani zaidi ni pupa aliyekaribia kutoka: viungo vya uzazi vya dume vimekwisha kuumbika, na katika makundi mengi vipande vigumu vya ngozi ya buu hubaki ndani ya nyumba iliyofungwa. Ushahidi wa pande mbili hukutana humo. Nyumba haiwezi tena kubeba jina, lakini bado inahifadhi kinachohitajika ili jina lirudi mtoni. Kwa hiyo, maelezo ya spishi mpya katika nchi za joto yanapaswa kuhesabiwa kuwa kamili pale tu yanapomwezesha mtu aliyesimama majini kumtambua mdudu huyo.