Nyaya Zilizopita Juu: Wakulima wa Meru na Umeme wa Kujiwekea

Historia ya umeme katika Afrika Mashariki mara nyingi huandikwa kwa kufuata mabwawa. Sisi wanafunzi tuliotoka Uganda tunaijua kwa moyo: bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja mwaka 1954, na mwaka uliofuata ukatiwa saini mkataba wa kuiuzia Kenya megawati 30 kwa miaka 50. Laini kubwa ikajengwa kutoka Tororo hadi Nairobi. Mimi ni mzaliwa wa upande wa Tororo, na nguzo za chuma za laini hiyo ndizo tulizozitumia kuelekeza wageni: pita nguzo ya pili, kisha kata kushoto. Umeme wenyewe ulipita juu. Chini tuliwasha tadooba, kile kikopo cha mafuta ya taa chenye utambi, ambacho ndugu zetu wa Kenya hukiita koroboi.

Katika insha hii nimeamua kuyaacha mabwawa na kuwafuata watu ambao nyaya hazikuwafikia, hasa wakulima wa Meru nchini Kenya, ambao tangu miaka ya 1980 walijiwekea umeme wa jua bila kulisubiri shirika la umeme. Siku hizi huko Ulaya na Marekani wako watu wanaojitoa kwenye gridi kwa hiari, wakajenga nyumba porini na kuzalisha umeme wao wenyewe, na wanaandikwa kama mashujaa wa kujitegemea. Naona ni kosa kumtia mkulima wa Meru katika kundi hilo. Yeye hakuwa na laini ya kujitoa.

Kwanza tuulize kwa nini laini ipite juu ya kijiji bila kukiwashia taa. Sababu moja ni ya kiufundi: umeme wa laini kubwa una nguvu mno kuingia nyumbani, lazima ushushwe kwenye kituo na transfoma, na vyote hivyo ni gharama. Sababu nyingine ni ya kisiasa, nayo ndiyo nzito zaidi. Laini zilijengwa kuunganisha bwawa na jiji, viwanda na reli. Kenya ilianza mpango wake wa umeme vijijini mwaka 1973, lakini hata kufikia mwaka 2000 nyumba za vijijini zenye stima ya shirika hazikufika 5 katika kila 100.

Watu hawakukaa bure katika miaka hiyo yote. Kabla ya sola kulikuwa na betri ya gari. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil, na bei duniani ikapanda sana mwaka 1976 na 1977. Fedha ziliingia mifukoni mwa wakulima wa Kenya kwa kiasi ambacho hawakukizoea. Zikajengwa nyumba za mabati, zikanunuliwa redio, na wenye uwezo zaidi wakanunua televisheni ndogo za rangi nyeusi na nyeupe zinazotumia volti 12. Betri ilipoisha ilibebwa mpaka sokoni kuchajiwa. Kwetu mpakani ilifungwa nyuma ya baiskeli ya bodaboda, na maji yake ya asidi yalitoboa suruali nyingi.

Hapo ndipo sola ilipoingia, na iliingia kupitia shule. Mwaka 1984 Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, huko Meru, ilikuwa ikifikiria kununua jenereta ya dizeli. Mark Hankins, Mmarekani aliyekuwa akifundisha hapo kama mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps, alikutana na Mmarekani mwenzake, mhandisi Harold Burris, aliyekuwa akijaribu kufanya biashara ya paneli za jua Kenya. Shule ikaiacha jenereta na kuweka paneli. Wazazi waliofika shuleni wakaona taa za madarasa zikiwaka bila mtambo kunguruma, bila mtu kwenda kununua dizeli. Wengi wao walikuwa wakulima wa kahawa, na betri walikuwa nazo tayari. Kazi zikaongezeka, na mafundi wa hapo hapo wakafundishwa. Baadaye baadhi yao walijitegemea na wakaanza kufundisha wengine.

Vitabu huwataja Wamarekani hawa wawili na kuishia hapo. Sipuuzi mchango wao, lakini biashara ile isingeenea kama mkulima hangekuwa amekwisha kujifunza kuishi na betri. Paneli ilimwondolea tu safari ya sokoni.

Nilizungumza na mzee mmoja wa upande wa Kenya, Busia, aliyefanya kazi ya sola tangu mwisho wa miaka ya 1980. "Mjukuu wangu," aliniambia, "watu walinunua paneli kama wanavyonunua redio. Wanaanza na moja ndogo, mwaka wa mavuno wanaongeza." Wengi walijifungia wenyewe: paneli juu ya bati, waya mbili hadi kwenye betri, waya nyingine mbili hadi kwenye televisheni. Kifaa cha kudhibiti chaji kilirukwa kwa sababu ya bei. Matokeo yake tunayaelewa leo. Betri ya risasi na asidi ikitumiwa hadi iishe kabisa, siku baada ya siku, sahani zake hujaa salfeti na haishiki chaji tena. "Walilaumu jua," mzee alisema huku akicheka. Alipoitwa, kazi yake ya kwanza ilikuwa kufungua vifuniko vya betri na kuuliza nani aliyemimina humo maji ya kisima.

Kwa njia hiyo, kufikia mwaka 2000 nyumba zaidi ya 100,000 za Kenya zilikuwa na sola, nyingi zikiwa zimenunuliwa kwa fedha taslimu bila ruzuku ya serikali. Zilizouzwa zaidi zilikuwa paneli ndogo za bei nafuu, za wati 10 hadi 14. Soko huria lilileta bei nzuri, na lilileta pia udanganyifu. Mwaka 1999 watafiti walipozipima paneli hizo waligundua kuwa nyingi zilikuwa sawa, lakini aina moja ilitoa umeme mdogo sana kuliko wati zilizoandikwa nyuma yake. Mkulima angejuaje? Hakuwa na kipimo, na duka lilikuwa limekwisha kupokea fedha zake.

Kuna swali jingine linalonigusa zaidi: mwanga huo ulikuwa wa nani? Arne Jacobson, aliyechunguza nyumba hizi na kuchapisha matokeo mwaka 2007, alionyesha kuwa faida kubwa ilikwenda kwa tabaka la kati la vijijini, yaani walimu, wafanyabiashara, na wakulima wa chai na kahawa, na kwamba umeme mwingi uliliwa na televisheni na redio. Matangazo yanapenda kumwonyesha mtoto akisoma chini ya taa. Betri ndogo haitoshi kila mtu, na baba akitaka taarifa ya habari, taa ya jikoni husubiri. Mama aliendelea kupika kwa koroboi katika nyumba yenye paneli juu ya paa.

Tangu mwaka 2012 kampuni kama M-KOPA zimeanza kuuza sola kwa mkopo wa simu: unatoa kianzio, kisha unalipa kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa. Watu ambao hawakuweza kuimudu paneli ya Meru sasa wana taa, na kwetu Uganda pia mfumo huo umefika. Usipolipa, kifaa hujifunga kutoka mbali mpaka ulipe. Nilimwuliza yule mzee wa Busia kama huletewa vifaa hivyo kutengeneza. Alisema huletewa, naye huvirudisha kama vilivyo, kwa kuwa boksi limefungwa na mwenye nyumba ameonywa asimruhusu fundi yeyote wa nje kulifungua.