Nani Alipima Mzigo?

Ntoto, kijiji chenye soko mashariki mwa Kongo, iko pale ambapo milima ya Masisi huanza kuteremka kuelekea misitu ya Walikale. Juu kuna maharage, viazi na malisho ya ng'ombe. Chini kuna mawese, mihogo na ndizi. Soko la Ntoto lilikutanisha pande hizo mbili, na sehemu kubwa ya bidhaa zake ilifika mgongoni mwa mtu. Kabla ya gari kuja, na hata lilipokuja, barabara ya huku ilikuwa ni mgongo.

Lakini si kila abebaye mzigo huandikwa. Mwaka 1896, katika michezo ya Olimpiki ya Athens, Launceston Elliot wa Uingereza alinyanyua kilo 71 kwa mkono mmoja na jina lake likaandikwa katika orodha ya mabingwa. Katika karne hiyohiyo, mpagazi wa misafara ya Afrika Mashariki alibeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, akatembea nazo wiki hadi wiki kati ya bara na Bagamoyo. Mbali na majina ya wachache, hakuna orodha iliyomhifadhi.

Hata hivyo, misafara nayo ilikuwa na mabingwa wake. Kati ya Wanyamwezi, waliosifika kuliko wote kwa kazi hiyo, wabeba pembe za ndovu walitangulia mbele, wengine wakiwa wamefunga kengele kwenye pembe ili mlio wake usikike njiani. Kadiri pembe ilivyokuwa kubwa, ndivyo heshima ya aliyeibeba ilivyopanda. Jambo kubwa zaidi ni kwamba upagazi huu ulikuwa kazi ya mapatano. Kulikuwa na ujira, posho na siku za mapumziko, na wapagazi waliozidishiwa mzigo waligoma au waliutua wakaenda zao.

Magharibi ya Ziwa Tanganyika mambo yalikuwa mengine. Katika nchi ya Manyema, ambako mfanyabiashara wa pembe na watumwa Tippu Tip na wenzake walikusanya pembe, wabebaji wengi walikuwa mateka. Pembe zilikuwa zilezile na njia ileile, lakini sasa mwenye mgongo hakuwa na kauli juu ya uzito wala juu ya kituo cha kupumzika.

Serikali za kikoloni ziliendeleza desturi hiyo mbaya, tena kwa wingi usiowahi kuonekana. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Kongo ya Wabelgiji lilipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, nyuma yake kulikuwa na jasho la wapagazi wanaokadiriwa kufika 260,000. Upande wa Waingereza, wanahistoria wanakadiria kuwa wachukuzi wasiopungua 95,000 walipoteza maisha, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi bado zinabeba jina la kikosi chao, Carrier Corps.

Ntoto yenyewe ilijulikana duniani kwa msiba. Mwezi Machi 1993 watu walivamiwa na kuuawa sokoni, wengi wao Wahutu waliokuwa wamekuja kununua na kuuza. Mapigano yaliyofuata yalienea Masisi na Walikale. Tangu hapo, mzigo mzito kuliko yote katika vilima hivi umekuwa wa kukimbia nao: godoro, sufuria, gunia la unga, mtoto. Vita haviulizi umri, na bibi wa miaka sabini hujitwika kama binti yake.

Miaka michache baadaye ukaja mzigo wa madini. Kuanzia mwaka 2002 hivi, kasiteriti, mawe yanayotoa bati, ilianza kuchimbwa Bisie, ndani ya msitu wa Walikale. Vijana walijitwika magunia ya kilo 50 na kupita kwenye tope na mizizi kwa siku mbili hivi hadi Njingala, kando ya barabara kuu. Ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara hiyo, zikapakia magunia na kuruka hadi Goma. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Gunia la Bisie lilikuwa ndani ya kipimo hicho, lakini kilo hizo tano za nafuu hazikumsaidia aliyekuwa akitembea nalo kutwa, akilala njiani na kulitwaa tena asubuhi.

Wanawake wa Kivu hubeba kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, mzigo ukilala mgongoni. Wanawake wa Kikuyu nchini Kenya hubeba hivyohivyo. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti juu yao na juu ya wanawake wa Kijaluo, ambao hubeba kichwani. Ilionekana kuwa waliozoea wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Mwili uliofunzwa tangu utotoni unajua kazi yake. Lakini mzigo wa kuni au makaa unaopanda kwenda sokoni hupita asilimia hizo kwa mbali.

Hata kwa mzee, kama yule bibi wa miaka sabini, uzito wenyewe si adui. Mwaka 1990 madaktari wa Boston waliwafunza kunyanyua vyuma wazee dhaifu wa miaka 86 hadi 96 kwa muda wa wiki nane, na nguvu za miguu yao zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Siku hizi kuna mashindano ya dunia ya wanyanyuaji wakongwe, wakiwemo wenye zaidi ya miaka 80. Wanaojizoeza hivyo hushauriwa kuanza na uzito mdogo, kuongeza polepole, kula vizuri na kupumzika kati ya siku na siku.

Hayo ndiyo mambo ambayo mpagazi wa Unyamwezi aliyadai kwa mwenye msafara: uzito uliopatanwa, posho ya kutosha, siku ya kutua. Mama anayepanda na kapu lake kutoka Walikale hana wa kumdai. Bei ya soko humwongezea kilo, ubovu wa barabara humwongezea saa, na kesho yake hupanda tena.