Kisu cha Kukunja na Muhuri Wake

Kisu cha kukunja cha Kizungu kinapotolewa katika sanduku la marehemu na kuletwa barazani Mwananyamala, Dar es Salaam, jambo la kwanza analoonyeshwa mgeni ni jina lililopigwa kwenye shina la bapa, kana kwamba jina ndilo ithibati. Ilhali katika biashara ya visu vya kale jina ndilo huwahi kughushiwa kabla ya kitu kingine chochote, na hila hiyo si ya juzi.

Mji wa Sheffield, Uingereza, ulisifika kwa visu karne nyingi, na alama ya nyota na msalaba ya wafua visu akina Joseph Rodgers iliandikishwa huko mwaka 1764. Basi katika karne ya 19 baadhi ya wafua visu wa Solingen, Ujerumani, wakawa wakipiga neno Sheffield juu ya bapa zao za bei rahisi, hata Bunge la Uingereza likapitisha sheria mwaka 1887 kwamba bidhaa ya kigeni iwezayo kudhaniwa ya Kiingereza itaje ilikotoka. Kwa hiyo kisu chaweza kuwa kikongwe kwelikweli, kutu yake ya halali na mpini wake wa pembe, nacho kikawa cha uongo tangu siku kilipotoka kiwandani.

Atakaye kuhakiki na atazame chuma kabla ya kusoma. Vishimo vya kutu vikipita juu ya herufi na kuzila, herufi zilitangulia kutu. Lakini herufi zikivikata vishimo vile, kingo zake zikiwa kali ilhali bapa limelika, muhuri huo umegongwa baadaye. Kadhalika kisu kilichotumika miaka mingi kimepita mara nyingi kwenye jiwe la fundi wa kunoa mwenye baiskeli, bapa likapungua upana na ncha ikarudi nyuma. Bapa pana lililokaa katika mpini uliochakaa mno ni ndoa ya mashaka. Na chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley alikivumbua Sheffield mwaka 1913, kikibeba taji na herufi za Malkia Victoria aliyefariki mwaka 1901, mnunuzi na aage bila hata kuuliza bei.



Ama mpini uliopasuka, fundi wa mtaani akautilia mpingo, mimi siuhesabu kuwa ghushi, maadamu muuzaji hadai kwamba mpingo huo nao ulitoka Sheffield.