Daraja la Rusizi na Haki ya Mkimbizi

Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Mwanzoni mwa safari yake huitenganisha Cyangugu ya Rwanda na Bukavu ya Kongo. Mkoa wa zamani wa Cyangugu ulivunjwa mwaka 2006, na sehemu hiyo sasa imo katika wilaya ya Rusizi. Daraja la hapo ni fupi, lakini historia iliyopita juu yake ni ndefu. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha jinsi historia hiyo inavyofungamana na haki za wakimbizi, na kwa nini jambo hilo latuhusu sisi walimu wa Kiswahili.

Kuanzia Novemba 1959 Watutsi wengi waliikimbia Rwanda wakaingia Kongo, Burundi, Tanganyika na Uganda. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wengi mno walivuka Rusizi kwenda Bukavu, hasa majeshi ya Ufaransa yalipoondoka mwezi wa Agosti. Mwaka 1996 vita vilivunja makambi ya Kivu, na wengi wakarudi kwao. Juni 2004 mapigano yalipoikumba Bukavu, ikawa zamu ya Wakongo kukimbilia Cyangugu. Hivyo mwenyeji wa jana alikuwa mgeni wa leo.

Sheria yasemaje juu ya watu hawa? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 wakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake umo hatarini. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa sahihi Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, uliongeza kwamba anayekimbia vita au machafuko makubwa naye ni mkimbizi. Hata hivyo sheria haimlindi kila avukaye: aliyeshiriki mauaji ya kimbari hana haki ya hifadhi hiyo. Miongoni mwa waliovuka mwaka 1994 walikuwamo wauaji pamoja na watoto wachanga. Kwa hiyo hapana budi kila mtu asikilizwe kwa nafsi yake.

Lakini mkataba peke yake haumlindi mtu. Mnamo mwaka 1980 Tanzania iliwapa uraia maelfu ya wakimbizi wa Rwanda. Miaka miwili baadaye, kusini-magharibi ya Uganda, maelfu ya Wanyarwanda walifukuzwa makwao. Watu walikuwa wa asili moja, na nchi zilikuwa jirani. Kilichotofautiana ni uamuzi wa wenye mamlaka, na nguvu ya mnyonge kujitetea.

Ndiyo maana vikaanzishwa vyama visivyotafuta faida ili kuwatetea wanyonge. Kituo cha Sheria kilianza Nairobi mwaka 1973. Mradi wa Sheria ya Wakimbizi ulizaliwa katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1999. Nchini Rwanda, Legal Aid Forum iliundwa mwaka 2006 ikiyaunganisha mashirika yatoayo msaada wa kisheria. Kazi ya vyama vya namna hii ina pande mbili: kumsimamia mtu mbele ya ofisi na mahakama, na kuwaeleza watu haki zao kabla hawajafikwa na shida.

Upande huu wa pili ni kazi ya lugha. Tuchukue neno "ndugu". Mtu wa Kivu akisema, "Nimekuja na ndugu yangu," huenda ana maana ya mtoto wa baba yake mdogo. Mwandishi akiandika kuwa ni mtoto wa tumbo moja, na kesho yake ukweli ukajulikana, mkimbizi ataonekana mwongo, na huenda jamaa hao wakatenganishwa. Vivyo hivyo, Mkongo asemapo "juu ya vita" mara nyingi maana yake ni "kwa sababu ya vita". Aliyejifunza Kiswahili sanifu peke yake aweza kudhani anasimulia habari za vita tu. Kosa dogo la tafsiri laweza kumnyima mtu hifadhi.

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi, na ng'ambo ya mto Kiswahili ni lugha ya taifa. Basi katika mpaka huu lugha yetu ni chombo cha haki, si cha soko tu. Yatupasa tuwafundishe wanafunzi kutofautisha mkimbizi, mwomba hifadhi na mhamiaji. Yatupasa pia tuwazoeze kusikiliza Kiswahili cha Bukavu kwa heshima, wala si kukicheka. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini mgeni asiyeeleweka hawezi kumponya mtu, wala yeye mwenyewe hatapona.