Utepe wa Oktoba

Katikati ya Oktoba milima ya Colorado nchini Marekani huwa bado kahawia. Nyasi zimekauka, mawe yako wazi, misonobari haina hata doa jeupe. Lakini katika kituo cha Arapahoe Basin, au kwa jirani yake Loveland ng'ambo ya mgongo wa milima, kuna ukanda mmoja wa theluji uliotandazwa mlimani kama barabara, na chini yake mamia ya watu wamepanga foleni tangu asubuhi na mapema wakisubiri lifti ya viti ianze kuzunguka. Watapanda, watashuka kwa mteremko huo huo mmoja, kisha watapanda tena. Ukingoni theluji inakatika ghafla, na anayekosea kona anajikuta kwenye changarawe, skii zake zikikwaruza mawe. Kwa kuwa bingwa na mwanafunzi wanabanana mahali pamoja, wenyewe wameupa ukanda huo jina la utani: utepe mweupe wa mauti. Kwa nini mlima ufunguliwe kabla haujawa tayari? Majibu mawili hutolewa haraka. La kwanza ni kwamba dunia imepata joto, theluji imekuwa adimu, basi watu wameamua kuitengeneza. La pili ni kwamba hilo ni tangazo la biashara tu. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja linaloeleza chanzo. Ukifuatilia historia utaona kwamba utepe huu ulizaliwa na kalenda, yaani likizo, mikopo ya benki na mishahara, mambo ambayo hayasogei hata mawingu yakichelewa. Joto la dunia limekuja kuongezea sababu baadaye.

Tuanzie Idaho, mwaka 1936. Averell Harriman, mwenyekiti wa kampuni ya reli ya Union Pacific, alitaka abiria wa majira ya baridi, akajenga hoteli ya kifahari mahali palipoitwa Sun Valley. Mhandisi wa kampuni hiyo, James Curran, ndiye aliyebuni lifti ya viti ya kwanza kwa ajili ya watelezaji, na wazo hilo hakulipata kwenye theluji. Aliwahi kushughulika na mitambo ya kupakia ndizi melini katika nchi za joto, akaona kwamba paliponing'inia mkungu pangeweza kuning'inia kiti. (Mchezo wa matajiri wa nchi za baridi una deni kwa ndizi, na sijaona tangazo lake hata moja linalolikiri.) Hoteli ikafunguliwa Desemba, karibu na Krismasi, wageni wakafika, theluji isifike. Harriman akawaambia wakae bila malipo mpaka ianguke. Kampuni ya reli iliweza kumudu ukarimu wa namna hiyo. Mwenye kilima kidogo aliyekopa fedha za kamba na injini ya kuvutia watelezaji hangeweza. Kwake yeye wiki ya Krismasi ilikuwa sehemu kubwa ya mapato ya mwaka, na ikipita bila theluji hairudi, hata kama Februari itamwagika mpaka izibe madirisha. Hapo ndipo hofu iliyozaa utepe ilipoanzia: hofu ya theluji kuja siku ambayo wateja wamesharudi kazini.

Hofu hiyo ilipata jibu Connecticut, jimbo ambalo halina mlima wa kujisifia. Majira ya baridi ya 1949–50 yalikuwa ya joto, na vilima vyake vikabaki vitupu. Walt Schoenknecht, mwenye kituo cha Mohawk Mountain, alileta barafu kwa malori, akaisaga na kuitandaza mteremkoni ili wateja wasikimbie. Mjini Milford, jimbo hilo hilo, wahandisi watatu, Art Hunt, Dave Richey na Wayne Pierce, walikuwa na kampuni iliyoitwa Tey ya kutengeneza skii za metali, na bila theluji hakuna anayenunua skii. Machi 1950 walichukua kompresa, nozeli ya kupulizia rangi na mpira wa kumwagilia bustani, wakaviunganisha usiku wa baridi. Siri yake ni nyepesi kueleza: hewa iliyoshindiliwa ikiachiwa ghafla hutanuka na kupoa, na maji yanayotoka pamoja nayo hupasuka kuwa matone madogo mno yanayoganda kabla hayajatua. Kilichoanguka hakikuwa ile nyota ya pembe sita tunayoiona vitabuni, bali punje za duara, nzito, zinazoshikana. Kwa mwenye kituo hiyo haikuwa kasoro, kwa sababu punje za namna hiyo huchelewa kuyeyuka na hustahimili kukanyagwa. Majira yaliyofuata mtambo ulijaribiwa Mohawk, mwaka 1952 hoteli ya Grossinger's kwenye vilima vya Catskill, jimbo la New York, ilikuwa ikiutumia, na 1954 hataza ikatolewa. Angalia ni nani waliokuwa wateja wa kwanza. Milima mirefu ya magharibi haikuhusika. Waliokuja ni wenye vilima vifupi karibu na miji mikubwa, watu waliokuwa na kila kitu isipokuwa uhakika wa tarehe. Walihama kutoka kwa mkulima anayetazama mbingu akingoja masika, wakawa kama mkulima wa mpunga wa mfereji, anayejua siku atakayofungua maji.

Hapa ndipo hoja ya joto la dunia inapokwama. Mwaka 1950 hakuna mwenye kilima aliyekuwa akiwaza hewa ya ukaa. Waliwaza hali ya hewa isiyotabirika, ambayo wakulima wote wa dunia wanaifahamu tangu zamani. Tena anayetaka ushahidi zaidi aitazame Killington, Vermont, iliyofunguliwa na Preston Leete Smith Desemba 1958 kwenye mlima unaopata theluji ya kutosha kwa asili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilishaanza kutengeneza theluji yake, na haikuchukua miaka mingi ikajijengea sifa ya kufungua wa kwanza na kufunga wa mwisho katika mashariki yote ya Marekani. Mlima wenye theluji ndio uliokuwa na haraka kuliko wote. Mpaka leo ufunguzi wake wa mapema ni kazi ya miguu kweli kweli: theluji iko juu tu, kwa hiyo watu hupanda kwa gondola hadi kileleni, kisha hushuka ngazi za chuma wakiwa na viatu vizito vya plastiki, skii begani, vyuma vikilia, ili wafike kwenye kipande cheupe. Wakimaliza hupanda ngazi hizo hizo. Simkatalii anayesema joto linabana sasa. Usiku wa baridi wa kutosha umepungua, na ndiyo maana vituo hununua mizinga mingi zaidi ya theluji, ili kazi iliyokuwa ikifanywa kwa wiki ifanywe kwa saa chache baridi inapojitokeza. Lakini hizo ni mbinu za kuitetea tarehe ambayo ilishapangwa kabla joto halijawa hoja.

Magharibi waliichelewesha mitambo hiyo kwa kiburi. Theluji yao ilikuwa nyingi na kavu, wakaona ya kutengeneza ni ya maskini wa mashariki. Ukame wa msimu wa 1976–77 ukawafundisha. Krismasi ilikuta vituo vingi vya Colorado havina cha kuteleza, huku Keystone, iliyofunguliwa 1970, ikiwa miongoni mwa vichache vyenye mitambo. Baada ya hapo pampu na mabomba vilitambaa milima yote. Loveland ikaweka mitambo yake miaka ya 1980, na Arapahoe Basin, iliyoanza 1946 kwa mikono ya wanajeshi na wapenzi wa milima kama Larry Jump na Max Dercum, ikangoja hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hapo mashindano ya kufungua yakawa makali kweli, kwa sababu za kimaumbile. Hata chini kabisa Arapahoe Basin iko zaidi ya mita 3,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa mwisho wa Septemba huko tayari unagandisha, na hewa ni kavu. Ukavu una kazi kubwa, maana tone la maji likipata hewa kavu huvukizwa kidogo na kujipoza lenyewe, hivyo theluji inaweza kutoka hata kipimajoto kikiwa kinachungulia sifuri. Kukiwa na unyevu, baridi ile ile huleta manyunyu. Mwaka 2009 vituo hivyo viwili vilifungua wiki ya pili ya Oktoba, majani ya mipopla yakiwa bado yana rangi ya dhahabu mabondeni.

Lakini mizinga peke yake ingezalisha vichuguu tu. Nusu ya pili ya historia hii ni ya kusawazisha, na watu huisahau kwa sababu haina fataki. Miaka ya 1950, katika kituo cha Winter Park, Steve Bradley alibuni kifaa cha kusugua mteremko: gogo la mbao zilizopangwa kama pipa, likiwa na bapa mbele, ambalo mtelezaji mmoja aliliburuta nyuma yake akishuka mlimani. Wanaume hao walishuka kwa safu, mmoja kando ya mwenzake, na aliyeanguka alikuwa na gogo linalomfuata. Baadaye yakaja matrekta ya minyororo mipana, na kuanzia 1969 kampuni ya Kässbohrer ya Ujerumani ikatoa PistenBully, ambayo hadi leo huonekana usiku milimani taa zikiwaka. Trekta hilo ndilo linaloweza kuchukua kichuguu cha theluji ya mzinga na kukitandaza kwa unene wa nusu mita, bila kupoteza hata koleo moja, juu ya mteremko uliochaguliwa kwa kuwa nyasi zake ni fupi na mawe yake yalishang'olewa kiangazi. Bila trekta hilo, utepe wa Oktoba ungehitaji theluji mara mbili au tatu.

Sasa niwajibu wanaosema ni tangazo tu. Wana hoja nzuri: kituo chenye mteremko mmoja wazi hakipati faida ya maana kwa tiketi za siku hiyo, na picha za watu waliovaa kama kuku na ndizi wakiwa wa kwanza kwenye lifti huenea kila mahali bila gharama. Hata hivyo tangazo huuza kitu, na hapa kinachouzwa ni uhakika. Mwenye familia anayepanga likizo ya Krismasi hulipa hoteli na ndege miezi kabla, na akiona Oktoba kwamba mlima una theluji, hata ukanda mmoja, anaacha kusitasita. Mwaka 1998 Winter Park ilianza kuuza pasi nne za msimu kwa dola 800, majirani wakafuata kwa bei za kushindana, na 2008 kampuni ya Vail ikaleta pasi yake ya Epic inayofungua milima mingi kwa mkupuo. Tangu hapo fedha nyingi hukusanywa kabla theluji haijaanguka. Mtu angedhani basi utepe umepoteza kazi, kwa kuwa mteja ameshalipa. Umeongezewa nyingine: aliyelipa Septemba anadai kuona mali yake, na aliyebaki anashawishika kabla bei ya pasi haijapanda. Hiyo ni dhamana kama ile aitakayo benki, isipokuwa hii huwekwa hadharani ili mteja aione.

Lawama nzito kuliko zote ni ya maji. Watetezi husema maji hayapotei, yanayeyuka majira ya kuchipua na kurudi mtoni. Sehemu kubwa hurudi, ni kweli, lakini hurudi Mei, wakati mito imejaa, nayo yalichotwa majira ya vuli, wakati mito iko chini kabisa na samaki wanahitaji kila lita. Kituo cha Loon Mountain, New Hampshire, kilikuwa kikivuta maji kutoka ziwa dogo la Loon na kurudisha humo maji ya mto, na mwaka 1996 mahakama ya rufaa iliilaumu Huduma ya Misitu ya serikali ya Marekani kwa kutopima njia mbadala. Arizona Snowbowl ina kisa chenye uchungu zaidi. Milima ya San Francisco, kilipo kituo hicho, ni mitakatifu kwa Wanavajo, Wahopi na mataifa mengine ya asili. Kituo kikaomba kutengeneza theluji kwa maji taka yaliyosafishwa ya mji wa Flagstaff. Mataifa hayo yalikwenda mahakamani, yakashindwa mwaka 2008 katika rufaa, na mwishoni mwa 2012 mizinga ikaanza kurusha maji hayo juu ya mlima wa sala. Sijui hoja ya kuitetea hukumu hiyo mbele ya mwenye imani yake. Ninachoweza kusema ni kwamba kituo kile kilikuwa kinapata theluji ya asili, miaka mingine nyingi sana. Kilichokosa ni tarehe, na kwa ajili ya tarehe kilikuwa tayari kufika mahakamani.

Uthibitisho ninaouona una nguvu kuliko yote uko upande wa pili wa msimu. Katika milima mirefu ya Colorado theluji huwa nene kuliko wakati wowote mapema Aprili. Mwezi huo huo, vituo vingi hufunga. Lifti husimamishwa juu ya mita mbili za theluji njema, wafanyakazi wanaagwa, kwa sababu wateja wameanza kufikiria bustani na gofu. Mlima hufunguliwa ukiwa hauna kitu na kufungwa ukiwa umejaa. Hakuna nadharia ya hali ya hewa inayoweza kueleza hilo. Mtu atanipinga kwamba Arapahoe Basin huendelea hadi Juni, na miaka mingine hadi Julai. Ni kweli, nao ni urefu wa mlima wenyewe unaosaidia, pamoja na wateja waliokosa pa kwenda baada ya majirani kufunga. Killington nayo hufika mwishoni mwa Mei au Juni, ila kwa njia nyingine: majira yote ya baridi mizinga huulundikia theluji mteremko wa Superstar, ambao kuanzia Novemba 2016 wanawake wa Kombe la Dunia la skii wameushuka mara kadhaa, mpaka ifike Mei mlima wote uwe kijani na mteremko huo peke yake ubaki mweupe, watu wakipanga foleni chini yake wakiwa wamevaa fulana.